Ukiwa Mkristo na Unapenda wa Jinsia Yako: Pa Kuanzia

Naimba alto kwenye kwaya ya kanisa la Anglikana hapa Nairobi. Nilibatizwa nikiwa mtoto wa kubebwa huko Taita, nikawekewa mikono na askofu nilipokuwa darasa la saba, na nimefundisha shule ya Jumapili. Pia napenda wanawake, kama ninavyoweza kupenda wanaume. Hayo yote ni mtu mmoja, na siku ya ibada hukaa kiti kimoja, kati ya mama mmoja mwenye sauti kubwa na dirisha lisilofungika.

Vijana hunitafuta, wengine kwa ujumbe wa saa nane za usiku, na swali ni lilelile: nifanyeje? Hawaniulizi kama Mungu yupo. Wangekuwa hawaamini, wangelala usingizi wao. Kwa hiyo nimeandika ninayowaambia, kwa utaratibu ninaoufuata. Wengi hutaka tuanze na Biblia. Mimi huiweka ya tatu.

Ulinde mwili wako kwanza

Kenya, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kifungo cha miaka 14 kwa ngono "kinyume cha maumbile", na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilikubali mashirika ya watu kama sisi yasajiliwe, lakini kifungu kiko palepale. Tanzania adhabu inafika kifungo cha maisha. Uganda kuna sheria dhidi yetu ya mwaka 2023, ambayo Mahakama ya Katiba iliipunguza vifungu vichache tu mwaka uliofuata. Nayataja haya kwa sababu yule mzee wa kanisa unayetaka kumfungulia moyo ana shemeji polisi, na ana kundi la WhatsApp.

Kabla hujamwambia mtu wa kanisani, jiulize maswali ya kawaida kabisa. Nalala kwa nani? Nani ananilipia karo? Simu yangu inafunguliwa na nani? Kama majibu yanaangukia kwa mchungaji, au kwa mjomba ambaye ni mzee wa kanisa, basi kunyamaza kwako kwa sasa si unafiki. Soma Yohana 7: Yesu aliwaambia ndugu zake kwamba hapandi kwenda kwenye sikukuu, kisha akapanda kwa siri, kwa kuwa walikuwapo waliotaka kumwua. Sijasikia mtu akimwita mnafiki.

Kuna jambo ambalo Wakatoliki wengi hawalijui vizuri. Unachokisema katika kitubio kimefungwa, padri hawezi kukitoa hata kwa askofu wake. Mazungumzo ya ofisini kwa baba paroko, au chai baada ya misa, si kitubio. Ukitaka ulinzi ule, sema wazi mwanzoni, "Padri, naomba kuungama," fanya ishara ya msalaba, ndipo uendelee. Kwetu Waanglikana, na zaidi kwa ndugu zetu Wapentekoste, jihadhari na ombi la maombi. "Tumkumbuke dada yetu fulani, kuna mambo anapitia" ni tangazo, hata likisemwa macho yamefumbwa.

Na kama usiku unakujia wazo la kujiua, uache mwongozo huu hapa. Mpigie mtu mmoja usiku huohuo, au watafute Befrienders Kenya, ambao kazi yao ni kusikiliza. Mengine yatangoja.

Rudi kwenye sala, uache biashara

Wengi wanaonijia hawajasali siku nyingi, ingawa wanapiga magoti kila usiku. Wanachofanya ni mapatano: Bwana, niondolee hiki nami nitakutumikia maisha yangu yote, Bwana, nikimaliza kufunga wiki hii, usinikumbushe tena yule msichana. Kisha wiki inakwisha, msichana anakumbukwa, na wanaona Mungu amevunja mkataba au wao wamevunja.

Ushauri wangu ni huu. Kwa kipindi fulani, usimwombe Mungu akubadilishe, wala usimwombe ruhusa. Mweleze siku yako. Mwambie umemwona nani, umechekea nini, umeogopa wapi. Kisha soma Zaburi moja kwa sauti, hata kama ni ya kunong'ona kwa sababu ukuta wa nyumba yenu ni wa mabati. Anza na ya 139, "Nitakushukuru kwa kuwa nimeumbwa kwa jinsi ya ajabu ya kutisha." Usiku ambao hiyo itakuwa tamu kupita unavyoweza kumeza, soma ya 88. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, bila "lakini" yoyote ya kuitengeneza. Mimi hufurahi kwamba waliokusanya Zaburi hawakuitoa.

Halafu kuna zoezi ambalo nalisisitiza kuliko yote. Chota maji kidogo kutoka kwenye beseni, jichoree msalaba kwenye paji la uso, na ulitaje jina ulilobatizwa nalo. Kama ulibatizwa mtoni ukiwa mkubwa, ukumbuke ule mto, baridi yake, na mikono iliyokushika mgongoni. Ubatizo ule ulipewa wewe, huyuhuyu, na tamaa zako hizihizi zikiwa ndani yako hata kama ulikuwa hujazijua. Wazee wanaweza kukaa kikao wakakutoa kwenye kwaya. Wanaweza kukunyima Meza ya Bwana. Ubatizo hauna kikao cha kuufuta. Wewe unaanza safari hii ukiwa mwana wa nyumba, na kila kitu nitakachosema kuanzia hapa kinasimama juu ya hilo. Mtu anayesoma Biblia akijiona mshtakiwa husoma kwa kutafuta hukumu, na hupata. Ndiyo maana nikaiweka ya tatu.

Sasa fungua Biblia, sura nzima nzima

Utaletewa mistari sita au saba, kila mmoja umekatwa kutoka sura yake. Sheria yangu: usijibu mstari hata mmoja kabla hujasoma sura iliyoubeba, iliyotangulia na inayofuata.

Mwanzo 19, Sodoma. Soma halafu nenda Waamuzi 19, Gibea, kisa ambacho karibu ni pacha wake: wanaume wa mji wanaizingira nyumba, wanataka kumdhulumu mgeni, mwishowe mwanamke anatolewa nje na kubakwa hadi asubuhi. Sijawahi kusikia mahubiri ya Gibea. Yote mawili ni habari ya genge linalotaka kubaka wageni. Kisha nenda Ezekieli 16:49, ambako nabii anataja uovu wa Sodoma kwa orodha: "kiburi, na kushiba chakula, na kufanikiwa," na kwamba haukuutia nguvu mkono wa maskini na mhitaji. Ukiusoma mstari huo Jumapili ya mavuno, mbele ya viti vya mbele vyenye vitambaa, utajua kwa nini hausomwi.

Walawi 18:22 na 20:13 ni migumu zaidi, usiidharau. Kuna wanaokimbilia kusema, "Mbona kitabu hichohicho kinakataza nguo ya nyuzi mbili?" Ni kweli, 19:19, lakini mzee aliyesoma atakujibu kwamba sheria za ibada na sheria za mwenendo si kitu kimoja, na jibu lake lina uzito. Mimi siwezi kuishinda Walawi kwa mzaha wa shati la pamba na nailoni. Ninachouliza ni Mkristo anaipokeaje Torati baada ya Kristo, na swali hilo linanipeleka kwenye Matendo, nitafika.

Warumi 1:26-27 usisome bila kuvuka kwenda sura ya 2. Paulo anawaeleza watu waliomjua Mungu wakamwacha kwa ajili ya sanamu, anawapandisha wasikilizaji mori, na wote wanapokuwa wameinua vidole anageuka: "Kwa hiyo, wewe mtu uwaye yote uhukumuye, huna udhuru." Je, ninayemlilia Mungu usiku ndiye yule aliyemwacha kwa ajili ya sanamu ya ndege? Sijioni humo, na sidhani kujiona hivyo ni unyenyekevu.

1 Wakorintho 6:9-10, wasomi wanabishana kuhusu Kigiriki chake na sitakuchosha. Itazame orodha yenyewe. Humo mna wezi, walevi, watukanaji, wanyang'anyi na wenye kutamani mali. Nimeona kesha likiitishwa kwa ajili ya mtu mmoja wa orodha ile. Mnyang'anyi wa ardhi ya shule yeye hupewa kipaza sauti siku ya harambee.

Baada ya hapo, pumzika na mistari hiyo hata miezi, ukae na towashi, yaani mwanamume aliyehasiwa. Hapa ndipo mimi nilipopata kupumua, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kumbukumbu la Torati 23:1 inasema wazi mwanamume wa namna hiyo asiingie katika mkutano wa Bwana. Ni sheria, imeandikwa, haina utata. Kisha Isaya 56, nabii anasimama kwa jina la Mungu yuleyule na kusema towashi asijiite mti mkavu, kwamba atapewa ndani ya nyumba ya Mungu jina lililo jema kuliko kuwa na wana na binti. Kisha Matendo 8. Mkushi towashi, mtunza hazina wa malkia, anatoka Yerusalemu kuabudu, yumo garini anasoma Isaya. Roho anamtuma Filipo. Wanafika penye maji na yule mtu anauliza: "Tazama, maji haya, ni nini kinachonizuia nisibatizwe?"

Filipo alikuwa na jibu la Torati mkononi. Angeweza kusema, "Kinachokuzuia ni Kumbukumbu ishirini na tatu." Akashuka naye majini. Sura mbili baadaye Petro, akiwa Yafa juu ya dari, anaonyeshwa shuka yenye wanyama najisi, na kufikia sura ya 15 kanisa zima limekaa kikao kuhusu watu wa Mataifa, na kilichoamua kikao kile kilikuwa ushuhuda: Roho amewashukia, tumeona kwa macho. Tafadhali usiniwekee maneno mdomoni. Towashi hakuwa mimi, na sisemi sura ile inahusu wapenzi wa jinsia moja. Ninachosema ni kwamba ndani ya Biblia yenyewe kuna mlango uliofungwa na andiko ukafunguliwa na Mungu, na waliochelewa kuelewa walikuwa wale waliozijua sheria vizuri zaidi.

Utaambiwa pia Mathayo 16:24, "ajikane mwenyewe." Pokea, ni neno la Bwana. Ila kumbuka aliyekuwa amesimama pale mbele ni Petro, mtu mwenye mkwe, na Paulo anatuambia katika 1 Wakorintho 9:5 kwamba Kefa, yaani Petro huyohuyo, alisafiri na mkewe. Kujikana kwa Petro hakukumwachisha nyumba.

Wako Wakristo wapenzi wa jinsia moja walioisoma Biblia hiihii kwa kufunga na machozi wakaamua kuishi bila mwenzi. Nawajua wawili watatu, na si waoga. Kanisa Katoliki linafundisha hivyo rasmi. Mimi sisomi hivyo, kwa sababu Mungu mwenyewe alisema si vema mtu awe peke yake, na Paulo aliuita useja karama, kila mtu na yake. Karama haigawiwi kwa kuita majina darasani. Lakini ukiona hiyo ndiyo njia yako, ishike kwa hiari, ukiwa na marafiki na mlo wa pamoja, usiishike kwa kujichukia.

Wakitaka kukuombea "utoke"

Nimepitia kesha la namna hiyo, sitalitaja kanisa. Sakafu ya simiti, magoti yangu, mkono wa mtu ukinisukuma paji la uso, mafuta ya kupikia yaliyobarikiwa yakinishuka hadi kwenye kola. Walimwuliza pepo jina lake. Nilikuwa nimefunga siku nzima, na nilitamani sana kuwa na jina la kuwapa ili tukalale. Saa kumi za alfajiri wao walikuwa wamechoka, mimi nilikuwa na njaa, na nilikuwa yuleyule.

Marekani kulikuwa na shirika kubwa la Kikristo la kazi hii, Exodus International, lililoanza mwaka 1976. Mwaka 2013 lilifungwa, na rais wake, Alan Chambers, akawaomba msamaha waliopitia humo. Alikuwa amekwisha kukiri kwamba karibu wote aliowajua hawakubadilika. Mwambie hilo mtu atakayekuletea kipeperushi cha ukombozi.

Unapobanwa, usibishane. Jibu langu ni hili, lichukue kama lilivyo: "Asante kwa upendo wenu. Niombeeni hekima, afya na kazi. Hilo jingine nimelikabidhi kwa Mungu mwenyewe." Ni vigumu kuligombeza. Usikubali kufungiwa chumbani, usikubali kunyimwa maji, usikubali kufunga kavu ukiwa unameza dawa, na usiende peke yako mahali ambapo huwezi kutoka kwa miguu yako. Mtu akikushika kwa nguvu, hapo hapana sala tena, hapo ni kudhulumiwa mwili.

Kwa tunaopenda pande zote

Sisi tuna mtihani wetu. Ukimwambia mtu wa kanisani, uso wake hufunguka kwa matumaini: "Afadhali! Basi wewe olewa tu." Na upande wa pili, kuna wenzetu wanaotuona ni waoga walioacha mlango wa nyuma wazi.

Kama unampenda mwanamume kweli, olewa naye, ni baraka. Lakini ndoa usiinywe kama dawa. Wanaume wanaofanywa dawa ni watu, wana mama zao waliokuja na mahari, na wataumia. Kabla ya mahari, kama usalama unaruhusu, ajue. Akikimbia, afadhali akimbie kabla ya harusi kuliko baada ya watoto. Akibaki, kiapo chenu ni kile cha kila mtu: mmoja, huyo. Watu hudhani kupenda jinsia zote mbili ni kutaka wawili kwa wakati mmoja. Mimi nikiwa na mtu niko naye. Swali la uaminifu ninalojihoji ni lilelile analojihoji yule mama wa kiti cha jirani, na nijuavyo mumewe, yeye ana kazi kubwa zaidi ya kusamehe.

Nyumbani

Hulazimiki kumwambia kila mzazi. Ukiamua, anza na mmoja, na mara nyingi si mama wala baba. Ni shangazi ambaye naye aliwahi kusemwa, au nyanya aliyezika wengi na haogopi kitu. Mwambie mchana. Uwe na nauli ya kurudi mfukoni na pahali pengine pa kulala umepapanga. Usichague Krismasi, usichague matanga. Uwe na jibu la swali la watoto, maana litakuja kabla ya Mungu kutajwa, na jibu la "nani alikufundisha?", ambalo huumiza kwa sababu linamaanisha wanatafuta wa kumlaumu badala yako.

Mama yangu nilimwambia jikoni, Taita, tukichambua maharagwe ya kimanga. Sikutumia neno lolote la kitabuni. Nilisema, "Mama, yule ninayekaa naye Nairobi si rafiki tu." Akaendelea kuchambua. Akapata kijiwe, akakitupa dirishani.

"Na kanisani bado unaenda?"

"Naenda, Mama."

"Na kwaya?"

"Na kwaya."

"Haya, nisogezee ungo."

Hajalizungumza tena. Simu zake siku hizi huishia na "msalimie mwenzako," na mimi sijamdai zaidi. Wako waliofukuzwa usiku uleule, kwa hiyo usipime mama yako kwa wangu.

Kubaki, kuhama, au kukaa karibu na mlango

Kwanza jua kanisa lako limeandika nini, maana mara nyingi wanaokutisha hawajasoma. Kama wewe ni Mkatoliki, Katekisimu namba 2358 inataka watu kama sisi wapokewe kwa heshima na huruma, na inakataza ubaguzi usio wa haki. Namba zinazoizunguka hazikubali mahusiano yenyewe, usijidanganye. Lakini padri akikutukana madhabahuni, amevunja mafundisho yake mwenyewe. Januari 2023 Papa Fransisko alisema hadharani kuwa hivi tulivyo si uhalifu. Desemba mwaka huo Vatikani ikaruhusu baraka fupi, zisizo za ndoa, kwa wenzi wa jinsia moja, na Januari 2024 maaskofu wa Afrika, wakiongozwa na Kardinali Ambongo wa Kinshasa, wakasema huku kwetu hazitatolewa. Hapo ndipo mlipo.

Sisi Waanglikana tunarushiwa azimio la 1.10 la Lambeth, mkutano wa maaskofu wetu wa dunia nzima, la mwaka 1998. Ni kweli lilisema matendo hayo hayapatani na Maandiko. Wanaolirusha huruka kipande kingine cha azimio hilohilo, kinachowaahidi watu wa mwelekeo huu kusikilizwa, na kusema kwamba wote waliobatizwa, wanaoamini na walio waaminifu, wa mwelekeo wowote, ni viungo kamili vya mwili wa Kristo. Waliobatizwa! Nimelinakili nyuma ya daftari langu la nyimbo, na nikiona mhubiri anakunja mikono kuanza, hulifungua nikasoma.

Na ujue kwamba hata Afrika Mashariki hatujakosa wachungaji. Christopher Senyonjo, askofu mstaafu wa Kianglikana wa West Buganda, alikubali kuwasikiliza vijana wa Uganda wapenzi wa jinsia moja, na kanisa lake likamtenga kwa ajili hiyo. Mwanaharakati David Kato alipouawa Januari 2011, mhubiri aliigeuza ibada ya mazishi kuwa karipio, na wanakijiji wakagoma kumzika. Askofu yule mzee ndiye aliyemwombea kaburini. Hapa Nairobi pia kuna Cosmopolitan Affirming Church, inayotupokea waziwazi. Usitafute bango barabarani. Ulizia kwa watu unaowaamini, na usiende mara ya kwanza na mtu uliyemjua mtandaoni juzi.

Kama unachagua kanisa la kawaida, nina kipimo kimoja ambacho hakijawahi kunidanganya. Sikiliza wanavyomtaja msichana aliyezaa nyumbani, na wanavyomwombea mwenye virusi. Kanisa linalomfanya msichana yule akae nyuma hadi "arudishwe kundini" halitakuwa na nafasi yako, hata mchungaji akiwa na tabasamu nzuri. Kanisa ambalo mtoto wa msichana yule amebebwa kwa zamu na akina mama wa chama chao cha Umoja ili yeye aimbe, hapo unaweza kukaa mwaka mzima bila kusema lolote na ukapona kidogo kidogo.

Kuhusu huduma: imba, fagia, fundisha watoto kama umeitwa, lakini usichukue cheo ambacho watu watalazimika kuchunguza maisha yako ili wakupe. Kuhusu Meza ya Bwana, Paulo alisema "mtu ajihoji mwenyewe." Hakusema ahojiwe na mshika mlango. Mimi huenda mezani. Mahubiri yakianza kututukana, nina ruhusa yangu mwenyewe ya kutoka kwenda msalani na kukaa huko hadi wimbo wa sadaka, na sijioni nimeikana imani.

Kikundi kidogo cha nyumbani

Hata ukipata kanisa zuri, utahitaji watu ambao huna haja ya kuwaeleza chochote. Watu watano wanatosha, wanane ni wengi. Mkutane Jumapili jioni, nyumba ibadilike kila mara. Simu zote huingia kwenye sufuria na kifuniko juu, na sufuria hukaa jikoni. Hakuna picha, hata ya chai. Anayesoma husoma Zaburi moja na kipande cha Injili, kisha tunanyamaza kwa muda unaochosha kidogo, kisha anayetaka huongea. Hakuna mahubiri. Hakuna kulazimishana ushuhuda, tumeshuhudishwa vya kutosha. Mtu akilia, jirani yake humpa kitambaa na kumwacha alie. Mgeni huletwa na mtu anayemjua kwa uso na kwao, na mara ya kwanza hukutana na wawili wetu nje, mkahawani, kabla ya kuonyeshwa nyumba. Kisha mandazi, kisha tunaomba Baba Yetu tumeshikana mikono, na tunafunga kabla magari ya mwisho hayajapandisha nauli.

Wapangaji wa jirani hujua sisi ni chama, na si uongo. Kila mtu huchanga shilingi mia mbili, mweka hazina ana daftari, na pesa ile ina kazi moja tu: kodi na nauli ya mwenzetu aliyefukuzwa. Ukianzisha chenu, daftari liandikeni kwa herufi za mwanzo za majina ya ubatizo. Majina kamili msiyaandike popote.